Kulala Juu

Ukimwuliza Mtanzania akuonyeshe jengo la kisasa, atakunyooshea kidole Dar es Salaam: vioo vya Posta, ghorofa za Upanga, hoteli za ufukweni. Ukimwuliza msomaji wa fasihi akutajie kazi iliyothubutu, atakutajia riwaya. Leo nataka kutaja nyumba, tena za vijijini. Ziko mkoani Mtwara, ziko 110, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya usanifu majengo iliyothubutu kiasi hicho nchini tangu Beda Amuli aliposimamisha miavuli yake ya zege juu ya Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975.

Zinaitwa Star Homes; kwa Kiswahili tungesema nyumba za nyota. Zilibuniwa na ofisi ya wasanifu majengo ya Copenhagen iitwayo Ingvartsen, akiwemo msanifu Jakob Knudsen, wakishirikiana na daktari mtafiti wa malaria Lorenz von Seidlein, ambaye kituo chake cha kazi ni Bangkok, na watafiti wa hapa nyumbani kama Salum Mshamu. Zimetawanywa katika vijiji vipatavyo 60. Familia hazikupatikana kwa kujuana na mwenyekiti wala kwa kadi ya chama. Zilipatikana kwa bahati nasibu. Kisha watoto wa nyumba hizo, wenye umri chini ya miaka 13, wakapangiwa kufuatiliwa kwa miaka 3 sambamba na watoto wa nyumba za kawaida: nani kaumwa malaria, nani kaharisha, nani kabanwa kifua.

Hebu tusimame hapo kidogo. Msanifu majengo kwa kawaida hupimwa kwa picha. Jengo linapigwa picha kabla wenye nyumba hawajahamia, kabla hakujaanikwa nguo, linaingia kwenye jarida, linapata tuzo, basi. Hawa wameiweka kazi yao mbele ya kipimo cha kutoboa kidole cha mtoto. Mtoto akiumwa sawa na wa jirani, nyumba imeshindwa, hata kama picha yake ni tamu namna gani. Sijui ni mwandishi gani kati yetu angekubali kitabu chake kisomwe kwa mtindo huo.

Ya kwanza niliiona nikiwa nyuma ya bodaboda, natoka Mtwara mjini kwenda kwa mama upande wa Ruvuma. Ilitokeza nyuma ya mikorosho, nyembamba na ndefu kwenda juu, imezungukwa na nyumba za udongo zilizoinama kama watu waliochoka. Dereva hakugeuka hata. "Ghorofa ya neti hiyo, kaka," akasema, kama mtu anayetaja jina la kituo cha basi. Nikamwomba asimame.

Tuisome basi, kama tunavyosoma kitabu. Mifupa yake ni fremu ya chuma chepesi. Chini kuna sehemu ya kupikia na ya kuwekea vitu, moshi umetengenezewa njia ya kutoka. Sakafu ni ya kusafishika. Milango hujifunga yenyewe ukishapita, kwa hiyo mtoto anayekimbia akiacha mlango wazi, mlango haumsubiri. Paa linakinga mvua na kuipeleka kwenye tangi. Kuna taa ya umeme wa jua. Choo kiko nje, kimezuiliwa nzi. Vyumba vya kulala viko juu, na kuta zake huko juu ndizo zilizomfanya dereva wangu aite nyumba nzima jina lile: ni neti ya kivuli, ya jamii ile ile wanayofunikia vitalu vya miche. Ukuta unapumua. Upepo unapita, mbu hapiti.

Kila kitu katika orodha hiyo unaweza kukiona kwingine. Kilicho kipya ni kukubali kwamba ugonjwa wa mtoto una mlango wa kuingilia, na kwamba mlango huo unachorwa na fundi. Mbu wa malaria huingia sana kupitia mwanya wa upenuni, pale ukuta wa udongo usipokutana na paa. Anaongozwa na harufu zetu na hewa tunayotoa tukiwa tumelala, ambayo hujikusanya ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Ukiziba mwanya huo chini ya bati bila kuacha njia nyingine ya hewa, chumba kinageuka tanuri. Saa tano za usiku watu wanakifunua chandarua na kukitupia juu ya kamba, maana heri mbu kuliko kukosa pumzi. Kwa hiyo nyumba inaharibu kazi ya chandarua. Sikuwahi kulifikiria hilo kama suala la usanifu. Nililifikiria kama ukaidi wa watu, jinsi tulivyofundishwa kuufikiria na kila bango la zahanati.

Na kwa nini juu? Kwa sababu mbu huyu anaruka chini chini. Huko Gambia watafiti walitengeneza vibanda vya kupandisha na kushusha, wakawa wanabadilisha kimo usiku baada ya usiku. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kibanda kilichoinuliwa mita 3 kutoka ardhini kiliingiza mbu pungufu kwa asilimia 84 kuliko kile kilichokaa chini. Kabla ya hapo, Ingvartsen na wenzao walikuwa wamejenga nyumba 6 za majaribio katika kijiji cha Magoda, Muheza, mkoani Tanga, kati ya mwaka 2014 na 2015, kwa mianzi, mbao na neti ya kivuli. Zile za ghorofa zilikuwa na mbu pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 zikilinganishwa na nyumba za kawaida, na ndani joto lilikuwa chini kwa digrii 2 na ushei. Mtu ambaye hajalala chini ya bati la Mtwara mwezi wa pili anaweza kuziona digrii 2 kama kitu kidogo.

Wenyewe wanasema wazo la kuinua nyumba na kuipa ukuta mwepesi walilitoa Asia ya Kusini Mashariki, kwenye nyumba za nguzo na mianzi. Sawa. Lakini mimi niliposoma hivyo nilicheka peke yangu, maana kulala juu nilifundishwa na bibi yangu, na bibi hakuwahi kufika Bangkok.

Alikuwa na shamba la mpunga kwenye bonde la Ruvuma, karibu na mto unapoanza kujigawanya kuelekea baharini. Huko viboko hupanda usiku kula mpunga, na wasipokuja wao huja nguruwe pori. Wakati wa kulinda, familia nzima ilihamia kwenye dungu: nguzo nne, jukwaa la fito, paa la nyasi, ngazi ya magogo. Chini tuliwasha moto. Juu tulilala mimi, bibi na binamu zangu wawili, na upepo wa mto ulipita katikati ya fito hadi ukaomba shuka. Nakumbuka debe la kugonga viboko wakisikika, na nakumbuka kwamba kwenye dungu sikujikuna. Tulivyorudi nyumbani kijijini, kwenye chumba kizuri chenye kuta, ndipo mbu walipotukaribisha.

Wandengereko na jirani zao wa Rufiji waliishi hivyo kwa vizazi, katika madungu juu ya mashamba ya bondeni, mafuriko yakipita chini yao, mpaka serikali ilipowahamishia vijijini kwenye nyanda za juu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo pwani yetu ilikuwa na elimu ya kulala juu. Tuliiweka shambani tu, tukaiita ya muda, tukaiita ya kimaskini. Hakuna aliyekwenda kwa mkwe akasema nina dungu zuri.

Kulikuwa na juu nyingine, ya wenye nazo. Nenda Mikindani, kilomita kumi tu kutoka Mtwara mjini, utaziona nyumba za wafanyabiashara wa zamani, za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye ghorofa na baraza za mbao zinazoitazama ghuba. Chini duka na mizigo, juu wenyewe wanapunga upepo. Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapo Mikindani mwaka 1866. Wajerumani walipofika nao wakapanda juu: Boma lao, lililojengwa mwaka 1895, limekaa kwenye mwinuko juu ya mji, na siku hizi ni hoteli. Ukizunguka mji ule na kuuliza tu nani alilala wapi, utapata historia nzima ya pwani ya kusini bila kufungua kitabu. Tajiri ghorofani, mtawala kilimani, mvuvi na mtumwa chini kwenye unyevu. Upepo ulikuwa mali, na uligawiwa kama mali nyingine.

Ndiyo maana ghorofa ya neti ile nyuma ya mikorosho ilinishika. Mtu ameichukua juu ya mwenye duka wa Mikindani na juu ya mlinzi wa mpunga, akaziunganisha, akampa mkulima asiye na kitu. Kama wabunifu walijua au hawakujua kwamba wanafanya hivyo, kazi imefanya.

Sasa niseme kwa nini haya yananihusu.

Mama yangu anaishi kwenye nyumba ya udongo na bati ambayo baba aliijenga. Mdogo wangu wa kiume alifia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, masika, akiwa na miaka minne. Usiku ule watu wazima walisema ni degedege, na palikuwa na shauri kama apelekwe kwa mganga au zahanati kwanza. Kulipokucha hapakuwa na shauri tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nililala chumba hicho hicho, ukuta wa pili. Mwanya wa upenuni ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza mwanga wa mwezi, na nilikuwa naupenda, kwa sababu chumba hakikuwa giza totoro.

Leo chumba hicho analala mtoto wa dada yangu, wa miaka sita. Msimu wa mvua uliopita alilazwa mara mbili. Mara ya pili dada alinipigia simu hazungumzi, nasikia tu pumzi yake, nikajua yuko kwenye benchi la hospitali na hataki watu wamsikie. Mtoto alipona. Ila baada ya simu hiyo, sisi ndugu watatu tuliopo Dar tukakubaliana kwamba mwaka huu nyumba ya mama inajengwa, fedha za msimu wa korosho za mjomba zikiongezewa na michango yetu. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kusoma soma, nikapewa kazi ya kuleta ramani.

Nilipeleka picha za ghorofa ya neti.

Kwetu Wamakonde mjomba ana neno lake, na neno la mjomba lilikuwa hili: "Miaka yote hiyo uko Dar unasoma, unaturudishia chandarua?" Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka, maana ilistahili. Akaendelea, safari hii bila utani. Nje ya Mtwara mjini kuna kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa Oktoba 2015, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Malori yake yanapita usiku na mchana. "Saruji inatoka kwetu," mjomba akasema, "halafu dada yangu akalale kwenye matundu?"

Usimdharau mjomba. Katika vijiji vyetu tofali la saruji ni cheti. Nyumba ya tofali inasema mwenye nyumba hii ana watoto, na watoto hawajamsahau. Inajengwa msimu kwa msimu, korosho za mwaka huu msingi, za mwaka ujao kuta mpaka kwenye lenta, na inaweza kukaa miaka kumi bila paa, nyasi zikiota sebuleni, na bado ikampa heshima mwenyewe. Mama amewasindikiza wenzake kuingia kwenye nyumba za tofali, mmoja baada ya mwingine, akiwabebea vyombo. Halafu zamu yake ifike, aambiwe kitaalamu ni bora neti.

Kusini pia tuna kumbukumbu ndefu ya kujaribiwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Kufikia mwaka 1951 mradi wenyewe ulikuwa umeachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Bandari ilibaki, ndiyo faida. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar lilipokuja kujengwa, mwaka 2013 kulitokea vurugu ambazo watu wa Mtwara hawazisimulii kwa sauti. Mtu wa hapa akisikia neno "mradi" husubiri kwanza aone nini kinaondoka. Akisikia "utafiti", husubiri aone nani anatolewa damu. Na hapa kweli kuna cha kuuliza. Nyumba 110 zimepata wenyewe kwa bahati nasibu, na ili hesabu iende sawa lazima kuwe na watoto wengine waliobaki kwenye nyumba zao za zamani, wanahesabiwa homa zao. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani wa nyumba ya nyota anaiona nyota hiyo kila jioni taa ikiwashwa, na si yake.

Nimelifikiria hilo sana, na bado naona tofauti na karanga. Mradi wa karanga ulipimwa kwa tani. Reli ilipimwa kwa mizigo. Hii ni mara ya kwanza najua kitu kikubwa kimeletwa kusini ambacho kipimo chake cha kufaulu ni mtoto wa mkulima kulala usiku mzima bila homa. Bahati nasibu nayo, kwa ukatili wake, ilikuwa ya haki kuliko orodha nyingi za kugawa vitu nilizowahi kuona zikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Na jibu likishapatikana haliwezi kung'olewa kama reli. Mtu yeyote anaweza kulibeba: ziba upenu, inua kitanda cha mtoto, acha upepo upite, mlango ujifunge. Hayo hayahitaji fremu ya chuma kutoka popote.

Mama alisikiliza yote hayo akichambua mchele. Nilipomaliza akasema, "Kulala juu ni kwa anayelinda shamba. Mimi nimelinda vya kutosha, mwanangu."

Nikamwambia, lakini mama, kwenye dungu hatukuumwa.

"Kwenye dungu tulikaa miezi miwili. Na bibi yako alishuka na mgongo."

Kisha akanipa pingamizi zake, moja moja, kama mtu anayesoma risiti. Magoti yake na ngazi. Mwizi na wembe. Na taa: ukiwasha taa usiku ndani ya ukuta wa neti, kivuli chako kinaonekana mpaka barabarani, sasa yeye mtu mzima atabadilisha nguo wapi? Hili la mwisho sikuwahi kulikuta mahali popote nilikosoma habari za nyumba hizi, na ni swali zuri la usanifu kuliko yote niliyouliza mimi. Nyumba ya pwani tangu zamani imekuwa hoja juu ya nani anaona nini. Baraza ni la wageni, ua ni wa wanawake, chumba ni cha wenyewe. Ukuta unaopitisha upepo lazima ujibu pia ukuta ule usiopitisha macho.

Halafu akasimulia jambo ambalo sikuwa nalijua. Mwaka 1973, akiwa binti mdogo, alikuwa anapelekwa na bibi kwenye kikundi cha kusikiliza redio, ile kampeni ya Mtu ni Afya iliyokusanya watu kama milioni mbili nchi nzima. Walikaa chini ya mwembe, redio moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja, wakijadili malaria na vyoo. Baada ya kipindi waliamka wote wakaenda kufyeka majani na kufukia madimbwi. "Walitwambia tusafishe nje ya nyumba," akasema. "Nyumba yenyewe hawakuigusa." Akapepeta mchele, akapuliza makapi. "Tulifyeka, tukafukia. Mdogo wako akafa ndani."

Hapakuwa na aliyesema kitu. Mjomba aliangalia mikono yake.

Watu huniuliza kwa nini naandika juu ya majengo wakati shughuli yangu ni vitabu. Jibu langu ni mama pale na ungo wake. Kampeni ile ilikuwa ya maneno, na maneno yalifanya kazi kubwa, siyabezi. Lakini iliwabebesha wazazi wetu dhana kwamba ugonjwa unaletwa na uchafu wao, na kwamba wakijitahidi zaidi utaondoka. Mama alibeba hilo tangu masika ile, akifagia uwanja mara mbili kwa siku hadi leo. Nyumba za nyota zinasema jambo jingine, na zinalisema bila kuandika neno: ulifagia vya kutosha, mama, tatizo lilikuwa ukuta na paa. Mimi sijui shairi lililomwambia hivyo.

Kwa hiyo tukarudi kwenye ramani, safari hii sote, pamoja na fundi wa kijijini, ambaye alikuwa ameshawahi kwenda kuitazama ghorofa ya neti kwa udadisi wake mwenyewe na kuipapasa kila kona. Alikuwa na majibu kuliko mimi. Chini tofali, akasema, ili mjomba apumzike. Chumba cha mama chini, madirisha makubwa yanayotazamana yenye wavu, dari lililozibwa vizuri upenuni, joto litoke juu kwa matundu yenye wavu pia. Juu, upande mmoja tu wa nyumba, chumba kimoja cha mbao: ukuta wa mbao kufikia kifuani, kuanzia hapo kwenda juu neti mbili, ya kivuli nje na ya mbu ndani, nyuma yake nondo nyembamba. "Mwizi akija na wembe akutane na chuma," akasema. Taa iwekwe chini karibu na sakafu, nyuma ya mbao, kivuli kisitoke nje. Mlango uwe na uzito wa kuurudisha, jiwe kwenye kamba na kapi. Tangi la maji ya mvua, mama akadakia kabla fundi hajalitaja. Ukoo wake umetoka juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako wanawake wameshuka mabonde na ndoo tangu enzi, na paa lisilokinga maji kwake ni paa lililolala.

Si nyumba ya nyota. Knudsen na wenzake wakiiona huenda wasiitambue: ina saruji nyingi kuliko wangependa, na mlango wake unafungwa na jiwe. Lakini nadhani hiyo ndiyo njia ya kazi nzuri kuishi. Amuli aliweka miavuli Kariakoo, na wamachinga wakaja kusimamisha miavuli yao ya turubai kuizunguka. Kazi ya kuthubutu inapofika kwa watu inapata lafudhi.

Fundi aliuliza swali la mwisho, ngazi ikae nje au ndani. Nje ni rahisi na inaokoa nafasi. Mjomba akasema nje. Mimi nikasema nje. Mama akasema ndani, na ianzie karibu na mlango wa chumba chake, vidato vifupi, na pembeni kuwe na ubao wa kushika.

"Si ulisema hupandi?" nikamwuliza.

"Mtoto akiamka usiku atashuka gizani peke yake?" akajibu. "Nitapanda."

Mnada wa kwanza wa korosho unasubiriwa Oktoba. Fundi ameshapiga mambo ya msingi.